Nani Kaingia Dukani Usiku?

Simu iliita saa mbili kasorobo asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye basi la mwendokasi, tukisubiri taa pale Fire. Aliyepiga ni mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya magari Gerezani, mteja wangu wa miaka mingi, mtu asiyepiga simu kama hakuna jambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uko wapi, fundi? Jana nimefunga duka, mashine inatoa risiti. Leo nimefungua, haitoi. Kijana wangu anasema hajagusa kitu. Sasa niambie wewe: nani kaingia dukani kwangu usiku?"

Nilipofika nilikuta wateja wanne kwenye kaunta. Mmoja ameshika beringi iliyokwisha, imefungwa kwenye karatasi ya sukari, anataka inayofanana nayo. Kompyuta ya mzee iko chini ya kaunta, imefunikwa kipande cha kitenge kuzuia vumbi. Kutoka kwenye kompyuta hiyo unatoka waya mfupi wa bluu, wenye kichwa cha USB upande mmoja na tundu la zamani la pini 9 upande wa pili, unaingia kwenye printa ya EFD. Tangu TRA, mamlaka ya mapato, ilipoanza kuleta mashine hizo mwaka 2010, duka lisilotoa risiti ni duka linalotafuta faini. Mzee hakutaka kuuza hata nati moja bila risiti, kwa hiyo biashara nzima ilikuwa imesimama ikinisubiri mimi.

Nilifungua orodha ya vifaa vya kompyuta. Mbele ya jina la ule waya kulikuwa na alama ya mshangao ya njano, na maelezo yake yalisema kifaa hakiwezi kuanza, hitilafu namba 10. Nikaangalia tarehe. Usiku uleule kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe, na ndani ya masasisho ilikuja draiva mpya ya waya. Draiva hiyo iliuchunguza waya, ikakuta chipu iliyomo ndani haikutengenezwa na kiwanda chake bali ni kopi, ikakataa kufanya nayo kazi. Waya ulikuwa mzima, printa nzima, kompyuta nzima. Kilichokatika ni maelewano kati yao.

Nikachomeka flashi yangu, nikaondoa draiva mpya, nikarudisha ya zamani niliyoitunza kwa miaka. Printa ikakoroma, ikatema risiti. Mzee aliichukua, akaisoma mbele na nyuma kama hundi, akaibandika kwenye msumari. Ilikuwa saa tatu na nusu. Wateja wawili kati ya wale wanne walishakwenda duka la pili, kwa sababu Gerezani beringi ile ile ipo mlango wa jirani.

Sikumjibu swali lake siku ile. Nimelitafuna tangu hapo, na makala hii ni jibu langu.

Draiva ni nini? Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wamewahi kwenda Guangzhou kufuata mzigo. Ukifika kule hujui Kichina na mwenye kiwanda hajui Kiswahili, kwa hiyo unakodi mkalimani. Anasimama kati yenu, anapokea neno lako na kulitoa kwa lugha ya mwenzako. Draiva ndiyo mkalimani huyo. Printa haijui lugha ya Windows, wala Windows haijui kila printa, skana, kamera na waya uliotengenezwa duniani. Kiwanda cha kifaa kinaandika programu ndogo ya kutafsiri, nayo inakaa katikati.

Lakini mkalimani wa Guangzhou si mtu wa pembeni. Anajua bei zako, anajua umeweka wapi hela, anaingia na wewe hotelini na stoo. Akiwa mwaminifu lakini mzembe, akaacha mlango wazi, mwizi atapitia kwake. Draiva nyingi zinakaa hukohuko ndani, kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo programu haiulizwi tena kitambulisho. Antivirusi ni askari wa getini. Draiva imeshapita geti zamani.

Kitu kilichomo kwenye kiini kikiteleza, nyumba yote inaanguka nacho. Tarehe 19 Julai 2024 dunia ililiona hilo. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike, ambayo programu yake inafanya kazi ndani ya kiini cha Windows, ilisambaza faili moja lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta kama milioni 8.5 zikaingia skrini ya bluu. Ndege zilibaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Hakuwa mwizi aliyefanya hayo. Alikuwa mlinzi aliyejikwaa.

Sasa turudi kwenye waya. Kilichompata mzee kina ndugu yake mkubwa anayejulikana duniani kote, ingawa waya wa mzee ulitoka kwingine. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Glasgow, Uskoti, inayotengeneza chipu za kuunganisha vifaa vya zamani kwenye USB, ilitoa draiva mpya iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows. Chipu za FTDI zilikuwa zimeigwa kupita kiasi. Draiva ile haikuishia kukataa kopi. Iliingia ndani ya kumbukumbu ya chipu ya kopi na kubadili namba yake ya utambulisho kuwa sifuri. Kuanzia hapo, hata ukihamishia kifaa kwenye kompyuta nyingine, hakitambuliki tena. Kelele zilikuwa kubwa mno, ikabidi draiva hiyo iondolewe kwenye masasisho. Mapema 2016 ikaja nyingine, safari hii haiui chipu, bali badala ya taarifa zako inatuma sentensi ya Kiingereza inayosema kifaa si halisi.

Fikiria waya wa namna hiyo uko kwenye mashine ya maabara inayopima damu, au kwenye mizani. Aliyenunua hakuwa mwizi wa chipu. Alikwenda dukani, akaomba waya, akapewa waya. Mzee wangu alinunua wake kwa shilingi 12,000 Mtaa wa Uhuru, akapewa na risiti. Kopi haijaandikwa kopi usoni. Hata mimi fundi, ukiniwekea nyaya mbili mezani, bila kuzichomeka siwezi kukuambia ipi ni ipi.

Kwa miaka mingi jibu langu kwa mambo haya lilikuwa moja: kuzima apdeti. Kila kompyuta iliyopita mikononi mwangu kupigwa window, kabla haijarudi kwa mwenyewe niliingia kwenye huduma za mfumo nikaifunga ile ya masasisho. Mafundi wengi wa Kariakoo tumefanya hivyo, na wateja wenyewe wanaomba. Bando linaliwa, kompyuta inakuwa nzito, na mara inaamua kujizima na kujiwasha huku foleni ya watu wa fotokopi imefika barabarani. Mashine inayofanya kazi usiiguse: hiyo ndiyo sheria tuliyorithi kwa waliotufundisha, na niliishika kama dini.

Kisha Jumatatu moja nikaitwa kwenye ofisi ya mawakala wa forodha, ghorofa ya tatu, jirani na Mnazi Mmoja. Wafanyakazi walikuwa wamesimama kwenye korido kama watu waliofiwa. Kila faili kwenye kompyuta yao kuu lilikuwa limeongezewa mkia wa herufi zisizosomeka, na katikati ya skrini kulikuwa na barua ya kudai malipo ya bitikoini. Antivirusi ilikuwa imezimwa. Diski ya akiba ilikuwa imechomekwa muda wote, nayo ikafungwa pamoja na vingine. Nyaraka za mizigo za miaka sita zilikuwa humo.

Dada wa masjala akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, hata za Ijumaa?"

"Hata za Ijumaa, dada."

Tundu walilopitia wezi lilikuwa limezibwa na sasisho lililotoka miezi kadhaa kabla, sasisho ambalo lingefika kwenye kompyuta ile kama nisingelifungia njia kwa mkono wangu. Nilimwambia bosi wao ukweli huo. Hakunifokea. Aliuliza tu ni kompyuta ngapi nyingine nimezifanyia vile. Nikaenda kufungua daftari langu la kazi, nikahesabu 41. Wiki tatu zilizofuata nilizunguka Kariakoo, Ilala na Posta nikiziwasha moja baada ya nyingine, na kwa kila mwenye kompyuta nilieleza kwa nini nimerudi.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kampuni isiguse kamwe kompyuta ya mtu. Wezi wa leo wamejifunza ujanja ambao kila mwenye kompyuta anapaswa kuujua. Hawangojei uwe na draiva mbovu. Wanakuja nayo mfukoni. Februari 2020 kampuni ya usalama ya Sophos ilieleza jinsi kundi la RobbinHood lilivyofanya: lilibeba draiva halali ya kampuni ya Gigabyte, yenye muhuri halali, ambayo kampuni ilishaacha kuitumia kwa sababu ya tundu lililogunduliwa ndani yake. Muhuri haukuwa umefutwa. Windows ikaona muhuri, ikaipokea draiva. Wezi wakapitia tundu lake hadi kwenye kiini, wakaua antivirusi, ndipo wakafunga mafaili. Mwenye kompyuta huenda hajawahi kumiliki kitu chochote cha Gigabyte maishani mwake.

Mwaka 2022 kundi la BlackByte likafanya hivyo hivyo kwa draiva inayokuja na MSI Afterburner, programu wanayoipenda wacheza gemu. Mwaka huohuo Trend Micro wakaripoti wezi wakitumia draiva ya gemu la Genshin Impact, iliyotengenezwa kuzuia wachezaji wasiibe ushindi, kwenye kompyuta ambazo gemu hilo halikuwamo. Ni mkalimani mwenye kitambulisho halali anayeletwa na jambazi, na askari wa getini anampigia saluti.

Dawa ya ujanja huo ni orodha ya majina. Microsoft inatunza orodha ya draiva zenye matundu yanayojulikana, na tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2022 kizuizi hicho kinawashwa chenyewe kwenye kila kompyuta. Draiva iliyomo kwenye orodha haipiti, iwe imeletwa na mwizi au na wewe mwenye nyumba. Nakubaliana na orodha hiyo. Lakini tazama ilivyo ngumu kuishika sawasawa. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, watafiti wa usalama, akiwamo Will Dormann, walionyesha kwamba kompyuta za Windows 10 zilikuwa hazipati majina mapya kwa muda wa miaka, na Microsoft ikakiri na kurekebisha. Kwa upande wa pili, maelezo ya Microsoft yenyewe yanaonya kwamba kuzuia draiva kunaweza kusimamisha vifaa na programu, na mara chache kuleta skrini ya bluu, kwa hiyo orodha kwa kawaida huhuishwa mara moja au mbili kwa mwaka. Ukichelewa, mwizi anapita. Ukiharakisha, unamzimia mzee duka.

Machi 2025 wenye kompyuta za gemu walionja upande huu wa pili. Antivirusi ya Windows ilianza kuitambua kama hatari draiva iitwayo WinRing0, inayotumiwa na programu nyingi ndogo za kusoma joto la kompyuta na kuongoza kasi ya feni. Tundu lake lilikuwa linajulikana tangu 2020. Wengi wa watengenezaji wa programu hizo ni watu binafsi wanaozigawa bure, na kuandika draiva mpya na kuipatia muhuri ni gharama ambayo hawana. Watu waliamka wakakuta programu ya kuongoza feni imefungiwa karantini. Hapa Dar es Salaam, ambako chumba kisicho na kiyoyozi kinafika nyuzi 33, feni ya kompyuta si mapambo.

Kisha ikaja Oktoba 2025. Windows ilikuwa ikibeba tumboni mwake, kwa miaka, draiva ya modemu za zamani za Agere, zile za faksi na laini ya simu ya mezani. Iligundulika ina tundu, na wezi walikuwa wameshaanza kulitumia. Tundu hilo lilikuwa hatari hata kwenye kompyuta ambayo haitumii modemu hiyo, kwa kuwa faili lenyewe lilikuja na mfumo. Microsoft haikuliziba tundu hilo. Iliiondoa draiva yenyewe kabisa katika sasisho la mwezi ule, ikatangaza kwamba modemu za faksi zinazoitegemea hazitafanya kazi tena.

Hukumu yangu kwa hilo: walifanya sawa. Wenye faksi wamebaki wachache sana, tundu lilikuwa kwa wote, na tangazo lilitolewa. Ila lilitolewa wapi? Kwenye ukurasa wa maelezo ya sasisho, kwa Kiingereza cha wataalamu, mahali ambapo karani wa faksi hajawahi kufika. Hapo ndipo ninapogombana nao.

Sisi hapa tumewahi kuona kazi ya namna hii ikifanywa mchana kweupe. Desemba 2015 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizindua mfumo wa kutambua simu za mkononi kwa namba zake za utambulisho, zile za IMEI, na ikatangaza kwamba simu bandia zitazimwa usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Kwa miezi sita redio, magazeti na televisheni zilirudia maneno yaleyale: bonyeza *#06#, tuma namba inayotokea kwenda 15090, utajibiwa simu yako ni halali au la. Hukuhitaji fundi. Kenya ilishazima za kwao karibu miaka minne kabla, mwishoni mwa Septemba 2012. Mitaa ya Aggrey na Likoma wakati ule ilikuwa kama kituo cha kupimia afya, kila mtu amesimama anabonyeza nyota na reli.

Mama yangu alipima yake mwezi Februari, sebuleni, akiwa na mjukuu wake. Ikaonekana bandia. Alisikitika, maana aliinunua kwa hela ya upatu, lakini alikuwa na miezi minne mbele yake. Aliweka akiba, mwezi wa tano akanunua nyingine, akahamisha namba za watu wake kwa kuziandika kwenye daftari. Usiku wa kuzima alilala. Sisemi hakuna aliyeumia nchini. Aliyenunua bandia kwa nia njema alipoteza hela yake, na muuzaji aliyemuuzia mara nyingi hakuonekana tena. Lakini hakuna aliyeamka akiuliza nani kaingia usiku. Alijua nani, lini, kwa sababu gani, na kifaa chake kimo au hakimo. Mambo manne hayo ndiyo ninayoyataka kwa draiva.

Tena tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa. Kuna kuzima kwa ajili ya mwenye kompyuta, na kuna kuzima kwa ajili ya mwenye kiwanda. Draiva ya RobbinHood ikifungiwa, anayelindwa ni wakala wa forodha na nyaraka zake za miaka sita. Waya wa kopi ukizimwa, anayelindwa ni mwenye chipu na soko lake. Ana haki ya kulinda kazi ya mikono yake, na wanaoiga wanamwibia, sibishani na hilo. Aende kwenye bandari, viwanda na mahakama. Masasisho ya usalama ni njia ambayo watu wameiachia wazi kwa kuamini kwamba anayepita humo amekuja kuwalinda. Ukiitumia kugomba ugomvi wako wa biashara, watu wataifunga, na wakiifunga hawatachagua sasisho lipi liingie. Mimi nilizifunga 41.

Wanaotengeneza Linux wana desturi ninayoiheshimu. Linus Torvalds, aliyeianzisha mwaka 1991, anajulikana kwa ukali juu ya jambo moja: badiliko la kiini lisivunje programu ya mtumiaji iliyokuwa inafanya kazi. Na draiva ya kifaa cha kale inapotaka kuondolewa, kwa kawaida wanauliza kwanza hadharani kama kuna mtu bado anaitumia. Mara nyingine anajitokeza mtu, na draiva inabaki.

Kwa nini hili ni zito zaidi kwetu kuliko huko linakoamuliwa? Kwa sababu kompyuta nyingi za Kariakoo zimefika hapa zikiwa na maisha ya pili. Zilitumika kwenye ofisi Ulaya au Ghuba, zikaja kwenye kontena, zikauzwa kwenye maduka yetu. Skana imetoka nchi moja, printa nyingine, waya umenunuliwa kwa machinga, na fundi ndiye aliyevikutanisha vikakubali kuongea. Mpangilio huo ni mtaji. Mwenye steshenari hana mashine ya akiba. Mashine moja inatoa fotokopi, inachapa picha za pasipoti, inajaza maombi ya mkopo wa wanafunzi, na inalipa kodi ya fremu. Ikilala siku moja wakati wa maombi ya vyuo, mwezi wake umeharibika. Septemba 2021, printa za kushea kwenye mtandao zilipokataa duniani kote kwa sababu ya masasisho ya usalama, zikitoa namba 0x0000011b, nilikunywa chai ya asubuhi saa tisa alasiri kwa siku nne mfululizo. Namba hiyo nimeikariri kama ya simu ya nyumbani.

Na sasa usiku wenyewe unapotea. Tangu biashara ya saa 24 izinduliwe Kariakoo mwaka 2025, kuna maduka ambayo saa nane usiku yana mteja. Kompyuta inayongoja usiku ijisasishe itajisasisha mbele ya mnunuzi.

Kuna na jambo la lugha. Windows imekuwa na sura ya Kiswahili tangu enzi za Windows XP. Menyu zimetafsiriwa, vitufe vimetafsiriwa. Lakini siku inapomzimia mzee kifaa chake, inamwambia namba 10. Sentensi moja tu ingetosha, wiki mbili kabla, katikati ya skrini: waya huu hautafanya kazi kuanzia tarehe fulani, sababu ni hii, ukitaka muda bonyeza hapa. Mtengenezaji anayeweza kugundua chipu ya kopi ndani ya waya anaweza kuandika sentensi hiyo.

Nilirudi kwa mzee baada ya siku tatu. Nilikuwa na kitu cha kumwambia, kwa sababu ile draiva ya zamani niliyomrudishia kutoka kwenye flashi ni ya miaka mingi, na mimi niliyeona Mnazi Mmoja nisingeweza kumwacha nayo kimya. Nilimwambia waya wake ni kopi, kwamba nimemtegemeza tu, na kwamba anunue ulio halali kabla mwezi haujaisha. Nikamweleza na nani aliingia dukani usiku.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe. Sasa si wangeniambia tu? Wangeniambia, ningenunua."

Akanunua wiki iliyofuata, nikaenda naye dukani, tukauchomeka kwanza palepale kwenye kompyuta yangu ndipo akalipa.

Ewe msomaji mwenye duka, ofisi au kompyuta ya nyumbani: usizime apdeti. Ukiwa na kazi nzito, Windows inakuruhusu kuzisimamisha hadi wiki tano. Zisimamishe, ukishamaliza kazi ziachie, na uchague Jumapili ambayo fundi wako anapatikana. Nakili mafaili yako kwenye diski na uichomoe, iweke kabatini. Kisha ingia kwenye mipangilio ya usalama wa Windows, sehemu ya usalama wa kifaa, uangalie ulinzi wa kiini. Kama kuna draiva isiyokubalika, mara nyingi utaikuta humo imetajwa kwa jina. Liandike jina hilo kwenye karatasi, mpelekee fundi wako leo, wakati printa bado inatoa risiti.